Kikombe cha Khocha Lusweti

Lindi, Kibera
19 Januari 2025

Kwa Khocha Lusweti,

Pokea salamu kutoka huku kwetu. Sisi tuko salama. Mama ni mzima, ni goti tu linalomsumbua akipanda mlima kutoka soko la Toi na mzigo wake wa mitumba, lakini kanisani bado sauti yake inafunika kwaya nzima. Musimbi wa mlango wa pili naye ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Anakusalimia. Mimi bado nashona sare za shule kule Kawangware, na tangu shule zifunguliwe sijapata hata nafasi ya kukuna kichwa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ukiwa baharini simu yako ni kama haipo, na ulisema mwenyewe intaneti ya hiyo meli inauzwa kwa bei ya wazungu. Barua inapitia kwa wale mawakala wenu wa Miami, vile ulivyonielekeza.

Sasa jambo lenyewe. Kuna kijana anaitwa Kagiri. Baba yake, Mzee Gichuru, ndiye mwenye ploti ninaposhonea. Kagiri alileta suruali ifupishwe, akarudi na nyingine, akarudi tena na nyingine, mpaka nikamwambia, "Wewe, sasa nyumbani umebaki na kaptura tu." Tumekubaliana, Khocha. Watu wake wanakuja kwetu mwezi wa nane kwa ruracio, kuleta mahari. Desturi ya Wakikuyu ni kwamba wanakuja na muratina, pombe yao ya miwa, ambayo Mzee Gichuru huitengeneza kwa mikono yake na kujisifu nayo mwaka mzima. Mbele ya watu wote nitaulizwa kama inywewe. Nikikubali, kikombe cha kwanza kinapokewa na mwanamume wa upande wetu, na hapo ndipo neno linakuwa neno.

Baba sina, unajua. Ni wewe uliyenilea na Mama, ni wewe uliyenifundisha kuvuka Ngong Road. Na kwetu Wabukusu, msichana anaolewa vipi bila khocha, ndugu wa mama yake, kuwepo? Nataka kikombe hicho kipokewe na wewe.

Nilipomwambia Mama alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Tangu uondoke hamjazungumza, na sihitaji kuuliza sababu, nilikuwepo siku hiyo. Musimbi anasema hicho kikombe utakimaliza kabla hakijakufikia. Nilimjibu vibaya. Lakini Mama hakusema hapana. Utakuja?

Mpwa wako,
Phanice

*

Bridgetown, Barbados
23 Februari 2025

Mpwa wangu Phanice, fundi mkuu wa Kawangware yote,

Barua yako imenikuta nikiwa mzima, mweusi zaidi kwa jua na mnene kidogo kwa chakula cha bure. Nalala chumba kimoja na Mfilipino anayekoroma kama posho mill, lakini ana roho nzuri, ananigawia samaki wake wakavu. Na nimepandishwa cheo. Sioshi sufuria tena, natunza stoo ya vinywaji. Ufunguo wa ramu yote ya meli hii uko kiunoni mwangu. Najua Musimbi atacheka akisikia, acha acheke.

Uliposema muratina ya miwa nilitabasamu, kwa sababu huku niliko ni miwa juu ya miwa. Meli ikitia nanga, napelekwa pamoja na watalii kwenye mitambo ya ramu ili nijue ninachotunza. Hapa Barbados wanadai ndipo ramu ilipoanzia, karibu miaka mia nne iliyopita, ingawa visiwa vingine vinabisha mpaka povu. Habari yenyewe ni hii. Mashamba yalikuwa ya sukari. Sukari ikishatolewa kinabaki kile kiuji cheusi, molasi, ambacho kule kwetu Bungoma tunawapa ng'ombe. Wenyewe walikuwa wanakimwaga. Kikakaa kwenye joto, kikachacha chenyewe, kikaanza kutoa povu. Na waliokuwa karibu nacho hawakuwa wenye shamba, Phanice. Walikuwa watu wa rangi yetu, walioletwa kwa minyororo kukata miwa hiyo. Wakakikeneka, yaani wakakichemsha na kuukusanya mvuke wake, na kinywaji kilichotoka kilikuwa kikali hata Waingereza wakakiita kiua-shetani.

Nilisimama mbele ya jiwe la kusagia la zamani, watalii wakipiga picha na kofia zao, nikahisi uchungu moyoni ambao sikuutarajia. Siku hizi ramu ya hapa ni ya heshima. Wanaikeneka kwenye vyungu vya shaba na kwenye mitungi mirefu, wanachanganya, wanailaza ndani ya mapipa ya mbao miaka mingi mpaka inakuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa na harufu ya vanila na mbao iliyochomwa kidogo.

Huyo Kagiri anayefupisha suruali mwambie nimemsikia. Mzee Gichuru pia msalimie. Mama yako mwambie... basi, wewe msalimie tu.

Ni mimi,
Lusweti

*

Lindi, Kibera
24 Machi 2025

Kwa Khocha,

Hatujambo, na tunashukuru kwa salamu. Mvua imeanza, kwa hivyo njia ya kushuka Lindi imekuwa matope matupu na kila mtu anatembea kama anacheza ngoma. Goti la Mama limepata dawa ya kuchua kutoka kwa mwenzake wa kanisani na sasa nyumba nzima inanuka kama duka la dawa. Hongera kwa cheo. Nilipomwambia Mama habari ya ufunguo, aliosha sahani moja kwa muda mrefu sana.

Barua yako ilikuja kwa sanduku la posta la Mzee Gichuru, naye alipoona stempu ya Barbados akakataa kuniachia mpaka nimsomee. Nikamsomea ile sehemu ya molasi. Akasimama.

"Ati wanatengeneza na takataka ya sukari?" akasema. "Sisi hapa tunatumia miwa yenyewe! Waambie hao watu waje Kawangware wafunzwe."

Sasa shida ni hii. Mama amesema pombe haitavuka mlango wake. Wewe unamjua, mtu wa kanisa la Friends mpaka kwenye mifupa. Jumapili iliyopita Mzee Gichuru alikuja mwenyewe kumbembeleza.

"Mama Phanice," akamwambia, "ruracio bila njohi, pombe yetu, ni mkutano wa chama tu. Mababu zangu wataniuliza nilienda kufanya nini."

"Na mimi Mungu ataniuliza niliacha nini kiingie," Mama akasema, akamwongezea chai.

Wakakaa hivyo wakiheshimiana mpaka sufuria ikaisha, na hakuna aliyesogea hata kidogo. Kagiri na mimi tulikuwa nje tunasikiliza. Aliniambia, "Hawa wawili wakikosana, tutazeekea kwa mlango, manze." Hakuwa anacheka sana.

Nina hofu, Khocha. Nampenda huyu mtu, na sitaki kuolewa kwa kutoroka wala kwa Mama kununa. Na wewe nilikuuliza swali moja, ukanijibu kisiwa kizima. Utakuja?

Phanice

*

Fort-de-France, Martinique
27 Aprili 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Mimi ni mzima. Mfilipino wangu amepata mtoto wa kiume kwao na ametulisha wote tambi ndefu. Bahari imekuwa tulivu, ni tumbo la nahodha tu ndilo lina mawimbi.

Mwambie Mzee Gichuru amepata wenzake. Watu wa hapa Martinique hawataki kusikia neno molasi. Wanakamua miwa, juisi ile mbichi ndiyo inakenekwa, na wameiwekea hadi sheria. Lazima wafanye haraka, maana juisi ya miwa haina subira, ukiiacha kidogo tu inaanza mambo yake. Ramu yao inanukia majani mabichi. Ukifungua chupa ni kama umesimama kando ya barabara ya Mumias lori la miwa likipita. Nilifunga macho nikajikuta nyumbani kabisa.

Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa Jamaika. Huko, Phanice, pua ijiandae. Wanachachua polepole, siku nyingi, na wana desturi ya kuweka masalio ya zamani ili yaamshe mchanganyiko mpya. Ramu inayotoka inanuka ndizi zilizoiva kupita kiasi na gundi ya fundi wa viatu, halafu nyuma yake kuna nanasi. Ni harufu ya kelele, lakini ukiizoea unaielewa. Puerto Riko ni kinyume chake. Wanakeneka kwenye minara mirefu na wengi wanaichuja kwa makaa, inakuwa nyepesi na safi kama maji ya mvua. Wapishi wetu wanaipenda kwa sababu haigombani na kitu chochote. Mimi mwenyewe naona ni kama mgeni anayekubali kila unachosema.

Kuhusu mwezi wa nane, mkataba huu unaisha mwisho wa Julai, halafu kuna meli nyingine inayonisubiri Barcelona. Mambo ya ratiba si mepesi. Tutaona.

Mama yako bado anaimba ule wimbo wa asubuhi akikunja mitumba? Usimwambie nimeuliza.

Lusweti

*

Lindi, Kibera
25 Mei 2025

Kwa Khocha Lusweti,

Salamu zetu nyingi. Ndiyo, bado anauimba, na anaanza mapema kuliko zamani. Musimbi amenunua kuku wawili na sasa anasengenya watu nao. Mimi nina habari njema na nina jambo jingine, naanza na habari.

Wazee wamekubaliana. Kagiri ndiye aliyewapatanisha, baada ya mimi kumsomea ile habari ya Martinique. Alimwendea baba yake akamwuliza, "Baba, muratina kabla iwe muratina huwa nini?" Mzee akasema ni juisi ya miwa. "Basi si tuwapelekee ikiwa bado mtoto?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mama naye akasema juisi haina dhambi. Kwa hivyo itakuwa juisi ya miwa, ya Omolo, yule wa kibanda cha kukamua miwa hapo karibu na stage ya Kawangware. Mzee ametoa sharti moja tu, kwamba haitaletwa kwa mtungi wa plastiki kama mafuta ya taa. Itakuja ndani ya kibuyu cha baba yake, au haiji. Mama akasema kibuyu ni mboga tu, kije.

Sasa hilo jingine. Jana nilizisoma tena barua zako zote mbili nikiwa nasubiri stima irudi. Khocha, wewe zamani ulikuwa ukionja tu chang'aa unataja mlango ilikotoka. Sasa umeniandikia Barbados, Jamaika, Martinique na Puerto Riko. Umeniambia rangi. Umeniambia harufu, vanila, majani, ndizi, gundi. Hakuna mahali hata pamoja umesema ulionja.

Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba nimeona, na nilipoona nililia kidogo na kushona mkono wa shati nyuma mbele. Mama sijamwambia, hilo ni lako. Lakini kama unachoogopa ni kile kikombe, kitakuwa na juisi tu. Njoo unishike mkono.

Phanice wako

*

Miami
30 Juni 2025

Phanice,

Sisi wote wazima huku. Nimesoma barua yako nikiwa stoo, nikakaa juu ya kreti mpaka wakaja kunitafuta.

Ulichoona umekiona. Neno lile la kuacha nililisema mara nyingi sana hapo Lindi, na kila mara lilikuwa la uongo, mpaka likachakaa. Sina haki ya kulisema tena kwa mdomo, hasa kwa mama yako. Kwa hivyo silisemi, na wewe usinisemee.

Nitakuja. Nitafika siku mbili kabla, na Jumamosi hiyohiyo ya ruracio, jioni, nitapanda ndege ya kwenda Barcelona. Mwombe Kagiri anipe pa kulala huko Kawangware, sitaki kumbana dada yangu. Na chai iwepo.

Khocha wako

*

Lindi, Kibera
31 Agosti 2025

Kwa Khocha Lusweti,

Natumaini ulifika salama na kwamba meli mpya ina watu wema. Huku ni baridi, lakini sisi tuko sawa kabisa, na utaelewa kwa nini ukisoma. Uliondoka kabla ya mambo kuanza. Naandika polepole ili nisiruke kitu.

Kwanza nikuambie ukweli. Uliponitazama pale mbele ya watu, nikasema inywewe, akina mama wakapiga vigelegele, nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Mzee Gichuru akamimina kutoka kwenye kibuyu. Ukapokea kikombe kwa mikono miwili. Nikakuona ukikiinua, ukakaa nacho hapo puani muda kidogo, halafu ukakiweka chini. Ukasema, "Kikombe nimekipokea, na binti yetu tumewapa kwa moyo wote. Ila mimi nitakunywa chai." Ukaketi. Baadaye gari la uwanja wa ndege likaja, ukanikumbatia, ukaenda.

Nilikukasirikia. Watu walinong'ona. Musimbi hakunong'ona hata, alisema wazi, "Juisi itamtosha wapi? Huyo amezoea kali." Mama alisikia. Aliangalia chini, na nikaona ile sura yake ya zamani, ile ya siku ulipoondoka. Mlikuwa mmesalimiana asubuhi kama watu walio kwenye foleni ya benki, na sasa ilionekana hata salamu hizo zilikuwa nyingi.

Basi juisi ikaanza kuzunguka. Mama, kwa kuwa ni yeye aliyeshinda ile vita, alitaka kila mtu aone jinsi inavyonyweka. Akanywa kikombe kizima mbele ya Mzee Gichuru. Akasema, "Tamu! Ina kama tangawizi kwa mbali." Akanywa kingine. Akawagawia wenzake wa kanisa, wote waliokuwa wamekaa kwenye viti tulivyoazima, vile vyenye jina la kanisa mgongoni. Wakasifu. Wakaongeza. Baada ya muda Mama akaanzisha wimbo, tukaitikia. Akaanzisha mwingine kabla ule wa kwanza haujaisha. Kisha akamkumbatia Mzee Gichuru akimwita "ndugu yangu wa Kawangware," na mimi nikamwambia Kagiri, "Huyu si Mama ninayemjua."

Mzee mwenyewe alikuwa hajaonja, alikuwa anahutubia kila meza. Mwishowe akakaa, akapewa kikombe, akapiga funda moja. Macho yakamtoka.

"Kagiri! Hiki kibuyu nani alikiosha?"

"Hakuna, Baba. Si ulisema kisioshwe? Ulisema baba yako hakuwahi kukiosha."

"Na miwa ilikamuliwa lini?"

"Jana kabla jua lishuke. Omolo ni Msabato, Jumamosi hakamui."

Mzee akashika kichwa. Khocha, ndani ya kibuyu kile muratina imechachushwa tangu kabla ya Kagiri kuzaliwa, na masalio yake yamekaa kwenye kuta. Juisi ililala humo usiku kucha, karibu na jiko, ili isipate baridi. Omolo aliheshimu Sabato yake, Mzee akaheshimu baba yake, Mama akaheshimu kanisa lake, na kwa heshima zote hizo tukawalewesha akina mama wa Friends.

"Hii si juisi tena," Mzee akasema. "Hii imefika."

"Imefika wapi?" Mama akauliza, kikombe kiko mkononi.

"Imefika, Mama Phanice. Ni njohi."

Mmoja wa kwaya akachungulia kikombe chake kana kwamba kuna mende. Nami hapo ndipo nikaiona pua yako, nikakuona ulivyokaa na kile kikombe, na nikaelewa yote. Ungesema pale, Mama angeisimamisha sherehe na Mzee angeaibika mbele ya ukoo wake. Ulinyamaza ili niolewe, ukaenda Barcelona na jina la mlevi mgongoni. Sikuweza kuvumilia. Najua uliniambia nisikusemee, nisamehe. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Khocha alijua! Alinusa tu akajua, ndiyo maana hakunywa!"

Mama akaniangalia sana. "Alinusa?"

"Alinusa, Mama."

"Na akaiweka chini?"

"Akaiweka chini, akaomba chai."

Akakaa kwenye kile kiti cha kanisa. Alianza kucheka, kisha akawa analia, kisha vyote pamoja, na Mzee Gichuru hakujua ampe kitambaa au maji. Musimbi alikuwa kimya, na hata kuku wake watashuhudia kwamba hiyo ni mara ya kwanza. Akina mama wa kanisa waliamua kwamba kwa kuwa hawakujua, haihesabiki, lakini wawili nilisikia wakiuliza kama kibuyu kimeisha. Tulimaliza kwa nyimbo. Harusi ni Desemba.

Ila Khocha, ungeninong'oneza basi mimi peke yangu.

Mama amekuwa akizunguka meza tangu nianze kuandika. Sasa ameomba kalamu, na ameniambia nitoke nje.

Phanice

*

Lusweti, ni Angeline.

Nililewa mbele ya kanisa lote, na mtu mzima wa akili katika familia yetu siku hiyo alikuwa wewe. Mchungaji amenisamehe kwa kicheko. Wewe sijakuomba msamaha bado, nakuomba sasa.

Kila asubuhi nikikunja mitumba nilikuwa naomba Mungu akuachishe pombe. Hata asubuhi ya ruracio niliomba. Kumbe alishanijibu zamani, na mimi nikaendelea kumsumbua, kwa sababu nilikufungia mlango na hakukuwa na njia ya habari kunifikia.

Njoo Desemba. Na usilale kwa wakwe tena, ulale hapa kwangu.

Dada yako